Tusiwakataze wanaojiandaa na DAT kukariri, tuwaonyeshe namna

Mhariri,

Siku hizi neno kukariri limegeuka tusi. Mwanafunzi akishindwa, "alikariri tu". Akifaulu, "huyu anaelewa, hakariri". Kwa anayejiandaa na DAT, mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari wa meno nchini Marekani, usemi huu unamponza. Sehemu ya sayansi ya mtihani huo ina maswali 100: 40 ya baiolojia, 30 ya kemia ya jumla na 30 ya kemia ogania. Muda ni dakika 90. Gawanya, utapata sekunde 54 kwa swali moja, na humo ndimo mna kulisoma, kupima majibu na kubofya. Mtu anayeelewa vizuri jinsi mwili unavyotunza maji, lakini hana hakika ADH, homoni ya kutunza maji, inatengenezwa haipothalamasi au pituitari, hana nafasi ya kukaa na kujenga hoja kutoka chini. Jibu liwe tayari kichwani: hutengenezwa haipothalamasi, hutolewa kwenye pituitari ya nyuma. Basi, swali linalofuata.

Ugomvi wetu ni na njia inayotumika. Wengi husoma sura, hupaka mistari rangi ya njano, husoma tena, kisha hufunga kitabu wakisema "hii naijua". Wanachokijua ni sura ya ukurasa ule. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walichapisha jaribio lililowapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Baadhi walikisoma tena, wengine waliandika walichokumbuka bila kutazama. Walipoulizwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Walipoulizwa baada ya wiki, mambo yakageuka, walioandika bila kutazama wakaongoza kwa mbali. Kurudia kusoma kunampa mtu uhakika jioni hiyo hiyo, na jioni hiyo ndiyo anayoitumia kuamua kwamba amemaliza. Ndiyo maana njia mbovu haifi.

Kabla ya namna, tuseme kwanza nini kisikaririwe. Kwenye skrini ya sehemu ya sayansi lipo jedwali la elementi, kwa hiyo kukariri uzito wa atomu ni kuchezea siku. Kikokotoo hakipo sehemu hiyo, kipo ile ya hesabu tu. Kwa hiyo log ya 2, yaani 0.30, na log ya 3, yaani 0.48, zinastahili kukaa kichwani. Nyingine zinajipata: log ya 6 ni jumla ya hizo mbili, 0.78, log ya 5 ni 1 toa 0.30. Ukipewa ioni za hidrojeni 2×10⁻⁵, pH ni 5 toa 0.30, yaani 4.7, kazi ya sekunde chache.

Vivyo hivyo na mienendo ya jedwali. Tumeona wanafunzi wakichora mishale sita na kuikariri kama njia za mtaa wasioujua. Kariri sababu moja: ukienda kulia protoni zinaongezeka huku tabaka la elektroni likibaki lile lile, mvuto unakaza, atomu inasinyaa, ukishuka chini tabaka linaongezeka, atomu inapanuka. Atomu ndogo hushika elektroni zake kwa nguvu, hivyo nishati ya kuing'oa elektroni inaenda kinyume na ukubwa. Hapo mishale yote imepatikana. Kinachobaki kukaririwa ni wakaidi: boroni iko chini ya berili kwa nishati hiyo, oksijeni iko chini ya naitrojeni, na kromiamu na shaba huchukua elektroni moja kutoka obitali ya 4s kupeleka ya 3d.

Kanuni ni hiyo: kariri orodha fupi na wakaidi, kubwa lijengee sababu. Asidi kali ni saba tu: HCl, HBr, HI, HNO₃, H₂SO₄, HClO₃ na HClO₄. Ukizishika hizo, nyingine utakayokutana nayo ichukulie hafifu. HF ndiyo mtego, kwa kuwa iko jirani na HCl kwenye jedwali lakini ni hafifu. Kifungo chake na hidrojeni ni kigumu kuachia.

Baiolojia haina huruma hiyo. Seli, mifumo ya mwili, ukuaji wa kiinitete, jenetiki, aina za viumbe, ekolojia na mabadiliko ya viumbe, yote kwa maswali 40. Hapa ndipo kadi, zenye swali mbele na jibu nyuma, zinapohitajika, na hapa ndipo wengi huziharibu.

Kadi mbaya tunayoiona kila mara ni hii: "Taja kazi za sehemu zote za nefroni", yaani kichujio kidogo cha figo. Nyuma kuna mistari minane. Mwanafunzi anakumbuka sita, anageuza kadi, anaona mbili alizosahau, anasema "ah, hizo nilizijua", anajipa vema. Keshokutwa anakosa mbili zile zile. Kadi hiyo ivunjwe vipande. Mkono upi wa kitanzi cha Henle haupitishi maji? Unaopanda. Glukosi hurudishwa damuni sehemu gani? Neli ya mwanzo, iliyo karibu na glomerulasi. ADH hufungulia nini kwenye neli ya kukusanya mkojo? Maji. Aldosteroni hurudisha ioni gani? Sodiamu. Kisha ongeza kadi moja ya kwa nini: kwa nini maji hutoka kwenye mkono unaoshuka? Kwa sababu tishu inayouzunguka inazidi kuwa na chumvi kadiri unavyoingia ndani ya figo. Kadi moja, swali moja, jibu lisilozidi sekunde kumi kutamka. Ukiona unaandika "na pia", simama, hiyo ni kadi nyingine.

Jibu litamkwe au liandikwe kabla ya kugeuza. Kuwaza "hii naifahamu" na kugeuza ni kule kule kusoma tena, ila kwa vipande vidogo.

Michoro nayo ina njia yake. Chukua karatasi tupu, weka dakika 3, chora moyo au nefroni au mzunguko wa Krebs kwa kalamu ya bluu, kisha fungua kitabu ujaze pengo kwa nyekundu. Wekundu ndio kazi ya kesho. Bluu iache ilivyo. Na mchoro uwe na kitu cha kujihakikishia. Kwenye upumuaji wa seli, hesabu kaboni: glukosi ina 6, glaikolisisi inatoa pairuveti mbili zenye kaboni 3 kila moja, pairuveti zikigeuzwa kuwa asetili-CoA zinapotea 2 kama CO₂, na Krebs inamalizia 4. Jumla 6. Kisha vibeba elektroni. NADH: 2 za glaikolisisi, 2 za pairuveti, 6 za Krebs, zote 10, FADH₂ ni 2. Aliyeandika Krebs ina NADH 3 hajakosea sana, amehesabu mzunguko mmoja, na glukosi moja huzungusha mara mbili. Kosa hilo hutokea sana, na swali lenyewe kwa kawaida husema "kwa glukosi moja" mahali ambapo jicho linaruka.

Sasa ratiba. Mwandishi wa Ujerumani Sebastian Leitner aliieneza miaka ya 1970 njia ya sanduku lenye vyumba: kadi uliyoipata inasogea chumba cha mbele na kuulizwa baada ya muda mrefu zaidi, uliyoikosa inarudi chumba cha kwanza. Programu za simu zinafanya hayo hayo kwa hesabu zake. Nafasi zinazotosha ni siku 1, 3, 7, 14 na 30. Kadi mpya 25 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 8, zinafika 1,200, na hizo zinabeba sehemu kubwa ya kinachohitaji kukaririwa. Kila siku utakuwa na marudio ya makundi matano, kadi 125 hivi, ongeza zilizokosewa ufikishe 150. Kwa sekunde 12 kila moja, ni nusu saa. Hiyo mtu anaiweza kila siku.

Mwenye papara huanza na kadi 80 kwa siku. Siku tano za kwanza anajisikia shujaa. Kufikia mwezi marudio yamepita 400 kwa siku, saa moja na nusu kabla hajafungua kitabu, na kuna siku atazikwepa. Siku moja inazaa tatu, tatu zinazaa kadi elfu moja zinazosubiri, na hapo kazi yote hutupwa. Ukifika hapo, usifute chochote. Simamisha kadi mpya kabisa, chukua 150 tu kwa siku, anza na zile za nafasi fupi kwa sababu ndizo zinazoyeyuka haraka. Deni litachukua wiki kadhaa, lakini litakwisha.

Kadi zilizoandikwa wiki ya nane hazitafika siku ya 30 kabla ya mtihani ulio wiki mbili mbele. Zibanie: siku 1, 3, 6 na 12. Na wiki mbili hizo za mwisho kadi mpya ziwe zile tu zinazotokana na makosa ya mitihani ya majaribio.

Changanya rundo kila unapoanza. Kadi zikifuatana vile vile kila siku, kadi ya kumi inajibiwa na kadi ya tisa. Mtihani haufuati mpangilio wako. Hata doa la chai pembeni ya kadi huwa jibu. Na kadi iliyokosewa mara tano mfululizo usiiulize mara ya sita. Ina kasoro: ni ndefu, au hujaielewa, au inapigana na nyingine inayofanana nayo. Itengeneze au uivunje.

Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Mambo yanayofanana yanaliana. Mitosisi na meiosisi, glukagoni na glaikojeni, ureta na urethra, mimenyuko ya SN1 na SN2. Usiyaanze siku moja. Shika la kwanza siku tatu nne hadi likae, ndipo ulete la pili, na papo hapo tengeneza kadi ya tofauti: "Kipi kiko huku, hakiko kule?" Vitendanishi LiAlH₄ na NaBH₄ vyote hupunguza, yaani huongezea hidrojeni, aldehaidi na ketoni kuwa alkoholi; LiAlH₄ pekee ndiyo inayoweza esta na asidi za kaboksili. Kitendanishi PCC huishia kwenye aldehaidi kikipewa alkoholi ya daraja la kwanza, asidi ya kromiki haisimami hapo, inafika kwenye asidi ya kaboksili. Kadi moja ya tofauti kama hii inaokoa zaidi ya kadi nne za maelezo.

Kwa kushikiza maneno, msomaji wa Kiswahili ana mtaji ambao hautumii. Wanafunzi wetu hukariri vifupisho vya Kiingereza vilivyotungwa kwa masikio ya watu wengine, kisha wanahitaji kifupisho cha kukumbuka kifupisho. Hatua za mitosisi ni profezi, metafezi, anafezi, telofezi. "Paka Mweusi Amelala Tuli" inakupa mpangilio. Lakini mpangilio pekee haujibu swali. Swali huuliza kinatokea nini. Basi herufi zile zile zipe kazi: P ni pinda, kromosomu zinajipinda na kunenepa. M ni mstari, zinajipanga katikati. A ni achana, nusu zinaachana kuelekea ncha. T ni tando, tando za kiini zinarudi. Hapo umepata mpangilio na tukio kwa mkupuo mmoja.

Neva aferenti na eferenti zinachanganya kila mtu: aferenti hufika, eferenti huenda. Taarifa hufika kwenye ubongo na uti wa mgongo kwa aferenti, amri huenda kwenye misuli kwa eferenti. Ateriole za glomerulasi zinafuata jambo lile lile, damu hufika kwa aferenti. Kwenye seli za umeme, anodi huacha elektroni, kathodi hukamata. Hii inashika kwenye betri na kwenye elektrolisisi pia, kwa kuwa inahusu elektroni na siyo alama ya chanya au hasi, ambayo hubadilika: anodi ya betri ni hasi, ya elektrolisisi ni chanya. Osteoklasti, k ya kula, hula mfupa, osteoblasti huujenga. Atakayekwenda kusoma meno atakutana na ndugu zao: ameloblasti wanaojenga enameli, wenye asili ya ektodemi, na odontoblasti wanaojenga dentini.

Tahadhari moja. Mtihani wenyewe ni wa Kiingereza. Swali la kadi liwe la Kiswahili ukipenda, ndoano iwe ya Kiswahili, lakini jibu liandikwe kwa neno na tahajia ambayo mtihani utatumia. Aliyekariri "kitanzi cha Henle" bila kuwahi kuandika jina lake la mtihani atapoteza sekunde 20 akitafsiri, na sekunde hizo hana. Ndoano zenye herufi tulizotoa hapa zinafaa kwa sababu herufi za mwanzo ni zile zile pande zote mbili, ila k ya kathodi na ya osteoklasti, ambayo Kiingereza huiandika c. Ukitunga yako, hakikisha hilo kwanza.

Kemia ogania imepewa sifa ya kuwa bahari ya mimenyuko. Kadi yake iwe na pande tatu, zichezwe kwa zamu: unapewa malighafi na kitendanishi, taja zao, unapewa malighafi na zao, taja kitendanishi, unapewa kitendanishi na zao, taja malighafi. Wengi hufanya upande wa kwanza tu, kisha wanashangaa swali la pili linapowatupa. Na kabla ya kukariri mimenyuko miwili iliyo kinyume, tafuta kama kuna sababu moja chini yake. Chukua propeni, yenye kifungo maradufu, na HBr. Bila peroksaidi, bromini inakaa kaboni ya kati, unapata 2-bromopropani, isiyo na kifungo maradufu tena. Ukiweka peroksaidi, bromini inakaa pembeni, 1-bromopropani. Vitabu huzitoa kama kanuni mbili. Ni moja: anayetangulia hukaa pembeni. Bila peroksaidi hidrojeni ndiyo hutangulia, na peroksaidi ikiwepo bromini ndiyo hutangulia; kwa njia zote mbili upungufu wa elektroni unabaki kwenye kaboni ya kati, ambako unatulia zaidi. Kinachobaki kukaririwa ni kwamba ujanja huo wa peroksaidi ni wa HBr peke yake. HCl na HI hazigeuki.

Mitihani ya majaribio ianze mapema, wiki ya tatu hivi, hata kama mada hazijaisha, na kila kosa liandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari liwe na safu nne: sikujua, nilichanganya, nilisoma swali vibaya, hesabu. Safu ya kwanza inazaa kadi mpya. Ya pili inazaa kadi ya tofauti. Ya tatu na ya nne hazina dawa kwenye kadi hata kidogo, na hapa ndipo juhudi nyingi hupotea. Mwanafunzi aliyeruka neno "isipokuwa" kwenye swali la mapafu anarudi kukariri mapafu upya, wakati mapafu anayajua. Huyo anahitaji kufanya maswali 50 kwa dakika 45 huku akijizoeza kusoma mstari wa mwisho wa swali kabla ya majibu. Jibu baya halipunguzi alama kwenye mtihani huu, kwa hiyo hata swali lisilojulikana libofyewe jibu, liwekewe alama ya kurudiwa, na safari iendelee.

Ombi letu ni kwa wanaoendesha madarasa ya maandalizi. Punguzeni kugawa vitini vya kurasa mia tatu. Kila kipindi kianze na karatasi tupu na maswali kumi: manne ya jana, matatu ya wiki iliyopita, matatu ya mwezi uliopita, vitabu vikiwa vimefungwa, dakika kumi. Yasisahihishwe kwa alama za kutangazwa. Mwanafunzi ajisahihishe kwa kalamu nyekundu na kuondoka na wekundu wake.

Wasalaamu,

Walimu wawili, wa baiolojia na kemia